Chumba kimoja hakiingiliki, nianzie wapi?

"Naishi Uyole, Mbeya, na mume wangu na watoto watatu. Nina miaka 47, ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yetu ina vyumba vinne, kimoja hakiingiliki. Ukisukuma mlango unagonga jokofu bovu la mdogo wangu wa kiume, alituachia alipohamia Tunduma akasema atalifuata; huu ni mwaka wa tano. Nyuma yake kuna TV ya chogo, madumu, ndoo za rangi, madaftari ya watoto tangu darasa la kwanza, magunia ya zamani, chupa za dawa za viazi za mume wangu, na chupa za chai sita za harusi yetu ambazo hazijawahi kutoka kwenye maboksi yake. Juu ya vyote kuna sanduku la bati la mama yangu mzazi, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo baada ya msiba sanduku lilikuja kwangu. Sijalifungua.

Mwaka jana niliangalia video za kupanga nyumba, wanasema kitu usichokitumia mwaka mzima kitoke. Nikatoa vyote uani, siku moja ya mwezi Machi. Saa tisa alasiri mvua ikashuka, tukarudisha mbiombio, vingine vimelowa, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo. Mume wangu ananiita 'mama stoo'. Binti yangu aliye chuo anasema huo ni ugonjwa, una jina kabisa. Je, ni ugonjwa kweli? Nianzie wapi? Na mama akiniona nagawa vitenge vyake, atanionaje?"

Mwalimu, umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote, ila naona la mwisho ndilo lililokufanya uandike. Ingekuwa ni madumu na ndoo za rangi peke yake, ungeshamwita kijana mwenye toroli siku nyingi. Tutafika huko. Kwanza nikutoe hofu ya ugonjwa, maana ukikaa nayo kichwani hutaweza kuchambua hata boksi moja bila kujitazama kama mgonjwa.

Binti yako hajatunga. Ugonjwa wa kurundika vitu upo, na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kiliuingiza kwenye mwongozo wake kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Lakini daktari akija kwako hahesabu vitu. Anaangalia kama mtu anashindwa kuachana na kitu chochote, hata kisichokuwa na thamani yoyote, hata risiti ya dukani. Kama akijaribu kuachana nacho anapata dhiki kubwa. Na kama nyumba imefika mahali jikoni hapapikiki na kitandani hapalaliki. Mara nyingi dalili huanza ujanani na kuzidi kadiri miaka inavyokwenda. Wewe una vyumba vitatu vinavyokalika, unapika, wageni wanaingia, na kilichojaza chumba cha nne unaweza kukitaja kimoja kimoja kutoka kichwani. Kwa maelezo haya, sioni mgonjwa. Naona mtu aliyekuwa na nafasi kuliko ndugu zake, nao wakaitumia.

Hebu isome tena barua yako. Umetaja jokofu la mdogo wako, dawa za mumeo, madaftari ya wanao, zawadi za waliokuja harusini, sanduku la marehemu mama. Madumu, ndoo, magunia na hiyo TV ni vya nyumba nzima. Sijaona kitu hata kimoja ambacho ni chako peke yako! Halafu anayeitwa mama stoo ni wewe.

Hapo ndipo zile video zilipokukosea. Waliozitengeneza wanaishi na vitu vyao wenyewe; swali lao la kwanza ni kama unakihitaji au hukihitaji. Kwetu swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni: hiki ni cha nani? Nyumba ya dada mkubwa huku kwetu, iwe Uyole, Mafinga au Makambako, ni ghala la ukoo. Mtu anahamia mjini anaacha godoro. Mtu anakwenda masomoni anaacha baiskeli. Mjomba anafariki, cherehani inaletwa "ikae hapa kwanza". Ukichukua kanuni ya kutupa usichokitumia ukaipeleka kwenye ghala la ukoo, utatupa jokofu la mtu, na Krismasi mtakaa kikao.

Na hiyo kanuni ya mwaka mmoja yenyewe ina kasoro nyingine. Una sufuria ile kubwa, ya kupikia watu mia? Inaweza kukaa miaka miwili haijaguswa, na siku ya msiba mtaa mzima utaijia. Blanketi zito halina kazi Desemba, lakini Julai ya Uyole unaijua, ile ambayo ukiamka alfajiri maji ya ndoo yanakata vidole. Badala ya kuuliza umekitumia lini, jiulize: siku nikikihitaji na sinacho, nitakipata wapi, kwa muda gani, na kwa hela gani? Dumu la lita ishirini utalipata sokoni Mwanjelwa ndani ya saa moja. Sufuria ya msiba utaazima, lakini aibu ya kuazima kila mara unaijua. Kwa hiyo sufuria inabaki, madumu yanabaki matatu. Sikuhitaji kuangalia kalenda kufika hapo.

Sasa nikueleze kwa nini mkono unakuwa mzito. Kuna jaribio moja maarufu la Daniel Kahneman na wenzake wawili, matokeo yakachapishwa 1990. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waligawiwa vikombe vyenye nembo ya chuo, nusu wakapewa na nusu wakanyimwa. Kisha waliopewa wakaulizwa wangeuza kwa bei gani, na waliokosa wangenunua kwa bei gani. Waliokuwa na kikombe walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, na walikuwa nacho kwa dakika chache tu. Basi fikiria chupa ya chai uliyokaa nayo tangu harusi yako. Kitu kikishaingia mkononi, akili inahesabu kukitoa kama kuporwa, na maumivu ya kuporwa ni makali kuliko raha ya kupewa. Uchoyo haumo humo. Ndivyo vichwa vyetu sote vinavyofanya kazi, cha mumeo kikiwemo.

Hilo ni la binadamu wote. Kwa wazazi wetu liliongezewa jingine. Mama yako alikuwa mama kijana miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipokuwa ya foleni na kitenge kikitoka RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, kwa mgao. Waliojifunza kuendesha nyumba wakati ule walijifunza kwamba kopo likitupwa leo kesho halipo. Nao hawakukosea, kwa mazingira yale! (Ajabu ni kwamba mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, kuna waliotupa mali porini usiku kwa sababu kuwa na akiba kubwa kulikuwa hatari. Kizazi hicho kilipata mafunzo mawili yanayopingana ndani ya miaka michache.) Wewe umelelewa na mikono hiyo. Ukikunja mfuko wa plastiki na kuuweka chini ya godoro wakati mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, jua huo ni mkono wa mama unaokunja.

Tuingie kazini basi. Anza na dawa za viazi, kabla ya kitu kingine chochote, wiki hii. Hilo si suala la usafi. Ni la usalama. Mlango wa chumba hicho watoto wanaufungua, na dawa ya zamani mara nyingi lebo imebanduka, au mtu alimimina mabaki kwenye chupa ya soda. Mwambie mumeo azitoe yeye mwenyewe, avae glavu, chupa zisimame wima kwenye ndoo moja ya plastiki, ziwekwe mahali penye kufuli mbali na chakula. Asimwage chooni, asimwage mtaroni, asichome, na asizike nyuma ya nyumba kama wengi wanavyofanya, kwa sababu maji ya kisima cha jirani yanapita hukohuko chini. Amwone afisa kilimo wa kata amwelekeze. Dawa zilizokwisha muda zina mamlaka yake, ile ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Chupa tupu nazo zisitumike tena kuwekea mafuta ya taa wala ya kula. Zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia shambani, kisha zitobolewe.

Ukimaliza hapo, magunia. Haya yana haraka ya aina yake, kwa sababu mavuno ya mahindi yakianza kuingia mtayatafuta. Gunia kuukuu lililokaa na punje za msimu uliopita ni nyumba ya dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana nchini kwa mara ya kwanza kule Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye hula mahindi makavu, muhogo, hata mbao anatoboa. Ukiweka mahindi mapya juu ya magunia ya zamani umemkaribisha mezani. Yaliyotoboka yatoke. Mazima yachemshwe au yaanikwe juani siku kadhaa na kukung'utwa mbali na nyumba. Na panya, nadhani sihitaji kukueleza.

Jokofu. Kosa linalofanyika hapa ni mtu kununa miaka mitano halafu siku moja kulipuka. Mdogo wako pengine hajui kama linakukera. Yeye anajua dada amemtunzia. Mwandikie ujumbe wa kawaida tu: "Mdogo wangu, habari za Tunduma? Tunatengeneza kile chumba. Jokofu lako bado lipo. Lifuate kabla ya mwisho wa Agosti. Ukikwama niambie, nimwite fundi alichukue nikutumie hela yake." Taja tarehe na njia mbadala, lawama ziache. Kisha tarehe ikifika fanya ulichosema, maana ukisogeza mara moja atajua inasogezeka. Fundi wa majokofu ni bora kuliko wa chuma chakavu, kwa sababu yeye anajua kutoa gesi. Ukimpa kijana wa skrepa atakata mabomba kwa nyundo na gesi yote itakwenda hewani. Na lingali hapo nyumbani, ling'oeni mlango au mlifunge kwa kamba. Mtoto anayecheza kujificha akiingia humo na mlango ukajifunga, hewa haimtoshi.

TV ya chogo kama bado inawaka, kuna mtu huko kijijini ataifurahia akiiunganisha na king'amuzi. Kama haiwaki, usiruhusu watoto waifungue kuchezea. Kioo chake kina risasi, na ndani huweza kubaki umeme hata baada ya kuchomoa waya. Ipeleke kwa fundi anayenunua spea.

Madaftari ya watoto waachie watoto. Mpe kila mmoja boksi moja la ukubwa uleule, achague yatakayoingia humo, mengine ni ya kuwashia moto au ya muuza karanga. Nakuonya, binti aliye chuo atatunza mengi kuliko unavyodhani, kisha utamuuliza kuhusu ugonjwa wenye jina.

Chupa za chai sita. Hapa waulizaji wangu wengi hukwama kuliko kwenye kitu chochote cha bei. "Nitamjibu nini aliyenipa?" Mwalimu, aliyekupa alitaka kuonekana amekuja, na alionekana, jina lake lilitajwa kwenye maiki, akapigiwa makofi. Zawadi ilimaliza kazi yake siku ile. Bakiza moja nzuri, anza kuitumia wewe na mumeo kesho asubuhi badala ya kungoja mgeni ambaye mmemngoja tangu harusi. Nyingine zina pa kwenda kila Jumamosi, maana msimu wa harusi ukianza huku hauishi. Angalizo ni moja, nami limenikuta: andika kwa penseli chini ya boksi nani alileta ipi. Niliwahi kumpelekea mama mmoja wa Kihesa seti ya glasi kwenye kicheni pati ya binti yake. Glasi zilikuwa zake. Alinishukuru kwa sauti kubwa sana.

Kuhusu makaratasi nitakuwa mkali kidogo. Baba yangu alipofariki nilisafisha chumba chake kwa siku mbili, nikajiona hodari, nikachoma gunia zima la karatasi nyuma ya nyumba. Ndani yake kulikuwa na hati ya mauziano ya kiwanja chake, imekunjwa ndani ya kalenda ya zamani. Kurudisha ushahidi ule kulinichukua karibu miaka miwili, na mashahidi wawili kati ya watatu walikuwa wameshatangulia. Tangu hapo sichomi karatasi siku ileile ninayozichambua. Kila kopo funguliwe, kila kitabu kipigwe kitingishike, kila mfuko wa koti upekuliwe. Vyeti, mikataba ya viwanja, stakabadhi za ardhi, kadi za kliniki, barua za ajira na za kupandishwa daraja viende kwenye faili moja. Wewe kama mwalimu, usitupe karatasi za PSPF, ule mfuko wa pensheni, kwa kuwa jina hilo halipo tena. Mifuko ile iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, lakini michango yako ya zamani ilianzia huko, na siku ya kudai mafao unaweza kuulizwa.

Kuhusu namna ya kufanya: usirudie ya Machi. Kosa lako halikuwa mvua peke yake, ingawa Machi Uyole kutoa vitu uani ni kumtania Mungu. Kosa ni kuvitoa vyote. Kichwa kinaamua vizuri kwa muda mfupi. Ukishachoka, unaanza ama kutupa hovyo ama kurudisha kila kitu. Ngoja Juni, jua likae. Chukua beseni moja tu, ingia, lijaze, toka nalo, kaa kwenye kiti kivulini, ulimalize. Saa moja inatosha, mara mbili kwa wiki. Na kilichoamuliwa kutoka kitoke siku hiyohiyo, kivuke geti. Kikilala barazani, kesho yake mtu atapita aseme "hii bado nzima jamani", na kitarudi ndani.

Utashawishika kuuza. Kwa chuma chakavu na TV sawa, uza, mnunuzi anakuja mlangoni. Kwa nguo na vyombo nakushauri ugawe. Najua mshahara wa mwalimu, sidharau elfu tano. Ila nimeona nyumba nyingi ambako boksi la "vya kuuza" lilikaa miaka mitatu likingoja bei, na hilo boksi ndilo likawa mrundikano mpya. Ukigawa, angalia unampa nani. Watu wa kijijini nao wana nyumba ndogo. Kuwapelekea vilivyovunjika ni kuhamisha stoo yako kwenda kwao, na kwa heshima hawatakataa. Nami sitakuficha, kuna kitu kimoja au viwili utakavyovijutia. Utatafuta kifuniko fulani mwezi wa tisa ukumbuke ulikigawa. Utaudhika siku moja, kisha utanunua kingine.

Mumeo mwache na utani wake, ila mpe nusu ya kazi. Dawa ni zake, na ndoo za rangi naamini ni zake pia. Wala usimtupie kitu chake akiwa safarini hata kama ni takataka. Anayetupiwa kitu bila kuulizwa huanza kuficha vitu, na mtaanza upya.

Sasa sanduku.

Hulifungui kwa sababu ukilifungua msiba unamalizika. Likiwa limefungwa, mama amesafiri. Sikulaumu kwa miaka mitatu. Kuna waliokaa kumi. Ila kuna mambo mawili unapaswa kuyajua. Moja ni la hali ya hewa. Kutunza na kufungia ni vitu viwili tofauti. Kitenge kilichokunjwa bila kuguswa kwenye ubaridi na unyevu wa huku huanza kuliwa pale kwenye mikunjo. Ukikifungua unakuta mistari iliyopauka kama mistari ya daftari, na ukivuta kidogo kinachanika hapohapo. Ukungu nao unaacha madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Vilivyolowa Machi vinanipa wasiwasi zaidi, kwa hiyo angalia kama maji yaliingia sandukuni. Hilo hata usingoje Juni: sogeza sanduku, lipapase chini, na kama bati limeshika kutu au lina unyevu, lifungue uanike nguo kamba moja, bila kuamua lolote. Kuanika si kugawa.

La pili ni la ukoo. Kabla ya kugawa chochote chenye thamani, hakikisha mirathi ya mama imekaa sawa. Kama ameacha shamba, nyumba au hela benki, msimamizi hupendekezwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, naye ndiye mwenye mamlaka ya kugawa. Vitenge havitawapeleka mahakamani, lakini sanduku lililofunguliwa na mtu mmoja peke yake usiku linaweza kuzaa maneno ya miaka ishirini: "kulikuwa na hereni", "kulikuwa na hela". Kuwa kifungua mimba kulikupa kazi ya kutunza sanduku, hakukupa sanduku. Kwa hiyo swali letu linarudi: hiki ni cha nani? Ni cha watoto wote wa mama. Waite wadogo zako, walio mbali wawe kwenye simu ya video, awepo na mama mdogo au shangazi anayejua taratibu za kwenu, maana kila ukoo una jinsi yake ya kutoa nguo za marehemu.

Siku hiyo, kabla ya kugawana, pigeni picha. Kitenge kimoja kimoja, kimetandazwa, na aliyekumbuka aseme alikivaa wapi. Watafiti wa Marekani walijaribu jambo hili kwenye mabweni ya wanafunzi na kuchapisha matokeo mwaka 2017: walioambiwa wapige picha vitu vyenye kumbukumbu kabla ya kuvitoa walitoa vingi kuliko walioambiwa wavikusanye tu. Tunachoogopa kupoteza ni ile kumbukumbu, na picha inaibeba kwa kiasi chake. Haibebi harufu, hilo nakiri. Ile harufu ya dawa ya nondo iliyochanganyika na sabuni ya mama itakupiga usoni ukifunua, na utalia, na walio kwenye simu watalia.

Kuna hali moja ambayo nitataka umwone mtu ana kwa ana. Ikiwa kila ukilitazama sanduku unashindwa kupumua vizuri. Ikiwa miaka mitatu baadaye bado siku nyingi zinapita huwezi kufundisha, kula wala kulala kwa kumlilia mama kama aliyefariki wiki iliyopita. Ikiwa unatamani ungemfuata, basi barua haitoshi. Huzuni ya namna hiyo ina tiba. Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya ina huduma za afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza. Nenda pia kama, baada ya kujaribu beseni moja moja kwa miezi, hujaweza kuachia hata kopo, na chumba cha pili kinaanza kujaa. Kama kuna mzee kwenye ukoo ambaye nyumba yake yote iko hivyo, msimvamie na toroli akiwa hospitali. Anzeni kwa mtaalamu, kwa sababu kumfagilia kwa nguvu humwongezea dhiki na vitu hurudi.

Umeuliza mama atakuonaje ukigawa vitenge vyake. Mimi sikumjua. Ila nijibu jambo moja utakapoandika tena: mama yako, bibi yako alipofariki, nguo zake alizifanyia nini? Mtu pekee anayelijua hilo sasa pengine ni mama yako mdogo. Mpigie leo, kabla hata ya kumwandikia mdogo wako kuhusu jokofu.